Vyungu vya Bwana Gadsby

Harnbury, Jumatatu, 5 Septemba 1774

Bi Ockley ametugawia kila mmoja kijitabu chenye jalada la kijivu na kutuagiza tuandike humo mpaka mwisho wa muhula. Anasema mwandiko hunyooka kwa kuandika, na nafsi vilevile. Ameahidi kuangalia mwandiko tu, hatasoma maneno. Namwamini, kwa hiyo nitaandika kweli.

Hapa shuleni naitwa Hester. Wenzangu kumi na mmoja wana majina mawili mawili. Mimi nina moja tu, kwa sababu Kasisi Wyvill hawezi kunibatiza kabla mlezi wangu hajasema niandikwe mtoto wa nani. Mlezi wangu ni Bwana Ambrose Gadsby, aliyekuwa afisa wa Kampuni ya biashara ya Uhindi kule Bengali kwa miaka kumi na minane. Mjini wanamwita mlezi wangu. Mimi najua ni baba yangu, yeye anajua kwamba najua, na Bi Ockley anajua pia, ila hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo mbele ya mwenzake. Nina miaka kumi na tatu. Mama yangu, Najiban, yuko Bengali.

Leo imekuja barua ya Bwana Gadsby. Anakuja kukaa Harnbury msimu huu kwa kuwa anataka kiti cha Bunge. Mwishoni ameandika: "Mwambie mtoto kwamba suala la jina lake litatengenezwa baada ya uchaguzi." Nilimwomba Bi Ockley anisomee sentensi hiyo mara ya pili, naye akanisomea. Najaribu nisifurahi kupita kiasi.

8 Septemba

Mvua. Sarufi ya Kifaransa. Mvua.

12 Septemba

Amekuja. Uso wake umekuwa wa manjano kuliko ninavyoukumbuka. Alisimama mbali, karibu na mlango, akanitazama kama mtu anayetazama bidhaa aliyoiagiza zamani.

"Umekua," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Anasoma vizuri?"

"Kuliko wote," akajibu Bi Ockley, na mimi nikaona haya.

"Safi. Asipauke tu. Mtoeni nje apate hewa." Kisha akaondoka. Alikaa muda usiotosha kunywa chai yote. Lakini amekuja, na wengine hapa hawajatembelewa tangu Pasaka.

15 Septemba

Hapa Harnbury kura haifuati shamba wala cheo. Mwanamume yeyote anayechemsha chungu chake mwenyewe kwenye meko yake mwenyewe ana kura. Asiye na meko hana. Ndiyo maana msimu wa uchaguzi ukifika, wale ambao umiliki wao unatiliwa shaka hutoa vyungu barabarani adhuhuri na kupika mbele ya mashahidi.

Jeb Pym, mume wa mpishi wetu Dorcas, ni fundi viatu anayeishi nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Tabitha. Leo tulipotoka kwenda kanisani tulimkuta amejenga meko ya matofali matatu katikati ya njia, amechuchumaa, anapuliza.

"Moto huo umeutoa wapi, Jeb?" Bi Tabitha akauliza kutoka dirishani.

"Nimeuwasha mwenyewe, mama."

"Umeuwasha mwenyewe! Makaa umeyachota jikoni kwangu nikiwa nasali! Jamani mmesikia? Moto wangu, kuni zangu, na maji ya kisima changu. Chake ni chungu tu, tena kina ufa!"

"Mama, nyamaza basi, mashahidi wanasikia."

"Ndiyo nataka wasikie!"

Mashahidi wakashauriana, wakaamua kwamba moto wa kuazima haufanyi meko kuwa yako. Jeb ikambidi auzime, aanze upya kwa gumegume na vipande vya ngozi, mvua ikimnyea mgongoni. Tulicheka sana, na mimi nilicheka. Lakini njiani nilifikiri kwamba ni desturi nzuri. Mtu ambaye hana kitu ila chungu chenye ufa, naye anaulizwa nchi iendeshwe na nani.

19 Septemba

Bwana Gadsby amechinja ng'ombe sita. Kila chungu kilichotolewa barabarani kimepata pande la nyama lililofungwa utepe wa njano, ndiyo rangi yake. Sleath, wakala wake wa uchaguzi, alipita na mkokoteni akigawa, na nyuma yake ulikuja mkokoteni wa pombe ya matofaa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Dorcas akaimba jikoni.

Kufikia saa tisa njia yote kuanzia sokoni ilikuwa imejaa wanaume waliokaa kwenye matope, wakitafuna. Jeb alijipangusa mafuta ya kidevuni kwa ule utepe, kisha akaufunga kofiani. Kwenye lango la kanisa watu wawili walikuwa wanatapika, na mbwa walikuwa wanakula walichotapika. Nimeandika hili kwa sababu niliahidi kuandika kweli.

21 Septemba

Mvua. Nyama tena.

26 Septemba

Bwana Sleath alikuja darasani bila kubisha hodi. Alitazama juu, akatazama kuta.

"Shule hii ina meko mangapi, Bibi?"

"Manne," akasema Bi Ockley.

"Basi ina kura nne."

"Hapa ni shule, Bwana Sleath. Watoto wa kike wanalala hapa."

"Ni shule, sikatai. Paa jipya hilo alililipia nani?"

Bi Ockley alinitazama mimi, kisha akaiangalia ramani ukutani. Nikaelewa kwamba alilipa Bwana Gadsby, na kwamba mimi nami ni sehemu ya paa hilo.

Jioni waliletwa wanaume wanne kutoka bandarini, kila mmoja na chungu chake. Wamegawiwa chumba cha ramani, chumba cha kushonea, chumba cha sala na nusu ya darasa letu, iliyokatwa kwa pazia. Yule wa darasani kwetu anaitwa Obed. Anatema mate kwenye moto halafu anasikiliza yanavyolia.

28 Septemba

Kila daftari linanuka mafuta ya ng'ombe. Mtu ameegemea ramani ya dunia, na alama ya mkono wake imeifunika Afrika yote.

Nilikuwa nikimwona Bi Ockley kama mtu asiyeweza kufanya jambo baya, jinsi usivyoweza kuwazia saa ya kanisani ikisema uongo. Leo alipita kando ya Obed, aliyekuwa anajikuna, akasema, "Habari za asubuhi," kwa sauti ileile anayotusalimia sisi.

3 Oktoba

Leo watu wa Bwana Pell, mpinzani wake, walimrushia Bwana Gadsby mchele. Alikuwa anashuka garini mbele ya hoteli ya sokoni. Walikuwa na mifuko mizima, wakaurusha kwa viganja, wakimwita Nawabu, kama waitwavyo waliorudi matajiri kutoka Uhindi, na wakiimba:

"Nawabu, Nawabu, mchele u wapi?
Umeufungia, ufunguo u wapi?"

Wamechapisha na karatasi isemayo kwamba wakati wa njaa kuu ya Bengali, miaka minne iliyopita, alinunua mchele wa wilaya nzima, akaufungia ghalani mpaka bei ipande mara kumi.

Dorcas alinishika mkono jikoni. "Mwanangu, ati ni kweli? Si wewe ulikuwepo?"

Nikamwambia nilikuwa mdogo. Nilikuwa na miaka tisa. Aliye na miaka tisa si mdogo.

5 Oktoba

Bwana Gadsby amekuja shuleni tena, safari hii na Sleath na karatasi. Akaagiza Bi Ockley atoke. Bi Ockley akatoka.

Karatasi ni maneno ambayo nitayasema jukwaani siku ya kura. Yanaanza hivi: "Mimi ni yatima. Mama yangu alikufa kwa njaa mbele ya lango la Bwana Gadsby, naye akaniokota kwa mikono yake, akanilisha kijiko kwa kijiko." Yanaendelea hivyo ukurasa mzima. Nilisoma mpaka mwisho, kisha nikauliza:

"Mama amekufa, bwana?"

"Hajafa. Nilipata habari zake wakati wa kipupwe. Mzima wa afya. Nilimwachia nyumba."

"Hapa pameandikwa amekufa."

"Kwa mji huu amekufa. Kule kwao yuko hai. Hapungukiwi na kitu."

"Anajua?"

Sleath akacheka. Bwana Gadsby hakucheka. Aliketi, akanisogelea kidogo, nami nikasikia harufu ya dawa anayokunywa kwa ajili ya ini.

"Hester, sikiliza. Hawa watu hawana shida na mchele. Wanataka tu kitu cha kumjibu Pell watakapoulizwa. Wape hicho kitu. Jumanne nitashinda, na baada ya hapo utabatizwa kwa jina langu, uje uishi kwangu. Unalitaka jina langu au hulitaki?"

"Nalitaka," nikasema. Ndiyo kweli. Nalitaka tangu nilipojua kwamba watu huwa na jina la pili.

"Basi soma kwa sauti. Ukifika penye njaa usiharakishe. Hapo wataanza kulia."

Nikasoma. Nilipofika penye njaa sikuharakisha. Alisema nimefanya vizuri.

Sasa nataka kuandika jinsi ilivyokuwa, kwa sababu nikiendelea kukariri ile karatasi naogopa nitaiamini.

Sisi hatukulala njaa hata siku moja. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya ukuta mmoja na ghala, na ghala lilijaa mpaka kwenye boriti. Mimi nilicheza humo. Nilipanda juu ya magunia, nikajifanya niko mlimani. Kila siku adhuhuri mama alipika wali, na watu walikuwa nje ya ukuta wakingoja amwage maji yake. Chini ya ukuta palikuwa na tundu la kutolea maji machafu, na mama alimwaga maji ya wali hapo, polepole ili yasipotee. Upande wa pili mikono ilikuwa imekinga vigae na majani. Hawakuomba wali. Nadhani waliona wali ni kitu kikubwa mno kukiomba. Waliomba maji yake.

Kisha Bwana Gadsby akakataza. Hakufoka. Alisema watu wanajazana njiani na wapagazi hawapati pa kupita. Tundu likazibwa kwa udongo. Siku ya kwanza walipiga hodi palepale kwenye udongo, chini, kwa vidole. Siku ya nne hawakupiga tena. Sisi tuliendelea kula, na mama aliendelea kupika wali ule ule, ila alikuwa anayanywa yale maji mwenyewe, amesimama, ameupa ukuta mgongo.

7 Oktoba

Nimekariri yote. Bi Ockley amenisahihisha matamshi. Alishika karatasi juu kiasi kwamba sikuuona uso wake.

10 Oktoba

Mvua kubwa. Obed amelewa, ameanguka juu ya kiti changu.

11 Oktoba, Jumanne

Jukwaa lilijengwa sokoni. Kura hapa hutamkwa kwa mdomo: mtu hupanda ngazi, hutaja jina lake na meko yake, kisha hutaja anayemtaka, na wote wanasikia. Watu wa utepe wa njano waliletwa kwa mafungu kutoka kwenye mapipa ya pombe, wengine wakiwa wameshikwa makwapani. Obed aliulizwa anachemsha chungu wapi, akasema, "Kwa mabinti," na soko zima likapasuka kwa kicheko. Kura yake ikaandikwa. Jeb alipanda akiwa na utepe kofiani, akatamka "Gadsby" kabla hajaulizwa. Chini, mchele uliomwagwa wiki iliyopita ulikuwa umechanganyika na matope na samadi, umevimba, na watu walikuwa wanaukanyaga.

Saa sita watu wa Pell walianza wimbo wao wa mchele. Ndipo Sleath akanisukuma mbele.

"Nyamazeni! Mtoto huyu alikuwepo! Msikilizeni mtoto!"

Nikasema, "Mimi ni yatima."

Wakanyamaza wote. Mwanamke mmoja palepale mbele akainua aproni machoni. Mzee aliyekuwa kando yake alikuwa anatafuna, akaacha kutafuna ili ahuzunike. Nikaona machozi yakimteremka juu ya mafuta ya nyama mashavuni, na sikuweza kuendelea. Badala ya maneno ya karatasi nikasema:

"Si kweli. Mimi si yatima. Mama yangu anaitwa Najiban na yuko hai. Mchele ulikuwa mwingi. Ulijaa mpaka juu, mimi niliuchezea. Watu waliomba maji ya wali tu, na yeye akaziba tundu. Hakuniokota popote. Mimi ni mwanawe."

Nilidhani ndio mwisho wa Bwana Gadsby. Nilidhani watarusha mawe, na niliona ni haki yao.

Kisha sauti moja ikatoka nyuma: "Heee! Kumbe Nawabu ni dume!"

Wakacheka. Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele kama maji ya mfereji.

"Na Pell je? Ana mke miaka ishirini, hata paka hawajazaa!"

"Mzee Gadsby! Huko mlikuwa mnapima mchele au mnapima nini?"

"Mtoto anafanana naye pua, maskini!"

Yule mwanamke wa aproni alikuwa anacheka kuliko wote. Nilimgeukia Bwana Gadsby. Alikuwa amepauka. Lakini alikuwa anasikiliza. Nimewahi kumwona akisikiliza hivyo, zamani, mfanyabiashara akimtajia bei naye akiwa bado hajaamua. Kisha akaamua. Akaja mbele, akaushika mkono wangu, akauinua juu.

"Ndiyo!" akapaza sauti. "Ni binti yangu! Gadsby haikani damu yake!"

Walipiga kelele mpaka njiwa wakaruka kutoka mnarani. Akaniinamia, akanibusu kwenye paji la uso. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kunigusa. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu sijui lini, na nilichotaka ni kupata maji ninawe uso.

Kuhusu mchele hakuuliza mtu hata mmoja.

12 Oktoba

Ameshinda kwa kura sitini na moja.

Dorcas aliniletea supu. "Mbona huli?"

"Jana ulisikia niliyosema?"

"Nilisikia."

"Kuhusu mchele?"

"Nilisikia, mwanangu."

"Basi?"

"Basi nini?" Akaketi kitandani, akakunja mikono ndani ya aproni. "Wale wameshakufa, Mungu awarehemu. Jeb hakuwa ameonja nyama tangu Pasaka. Ukitaka kunichukia nichukie, lakini kula kwanza."

Simchukii. Lakini supu ilikuwa ya nyama ile ile.

14 Oktoba

Imekuja barua, imeandikwa juu: "Kwa Binti Hester Gadsby." Imekuja na gauni la hariri ya njano. Nitabatizwa Jumanne, sikukuu ya Mtakatifu Luka, kabla mshindi hajabebwa kitini kuzungushwa mjini. Baada ya hapo gari litanichukua. Hakuna neno juu ya mama.

Nilimkuta Bi Ockley katika chumba cha ramani. Wale wanaume wameondoka, wameacha majivu. Alikuwa amepiga magoti, anafuta alama ya mafuta kwenye ramani kwa sehemu laini ya ndani ya mkate, kipande kwa kipande.

"Haitoki," akasema. Hakugeuka. "Hester, nilipaswa kumfukuza yule mtu siku ya kwanza. Sikumfukuza. Niliogopa."

Nikachukua kipande cha mkate, nikafuta upande wangu.

Baadaye akasema: "Ukienda kwake utakuwa na kila kitu. Ukikataa, ataacha kukulipia, na pengine atanikumbusha habari za paa. Nakwambia ujue tu. Mimi nahitaji mtu wa kuwafundisha wadogo kusoma. Malipo ni chakula na kile chumba cha juu."

"Kinachovuja?"

"Kinavuja sana."

17 Oktoba

Mvua. Nimelijaribu gauni. Linanikaa sawasawa.

18 Oktoba, Sikukuu ya Mtakatifu Luka

Kanisa lilijaa, na nje walijaa wengine waliokuja kubeba kiti. Bwana Gadsby alikaa safu ya mbele. Kwa sababu mimi si mtoto mchanga, niliulizwa maswali yote ya imani mimi mwenyewe, nikajibu mwenyewe. Maji yalikuwa baridi. Nimebatizwa Hester.

Kisha tuliingia chumba cha kasisi kuandika kitabuni: Kasisi Wyvill, Bwana Gadsby, Bi Ockley na mimi. Kasisi akachovya kalamu.

"Baba, Ambrose Gadsby. Na mama?"

"Pa mama paache wazi," akasema Bwana Gadsby. "Hakuna haja."

Nje walikuwa wanaliita jina lake na kugonga mlango. Sleath akachungulia: "Bwana, kiti kiko tayari, na wanaanza kugombania nani ashike miguu ya mbele."

"Malizeni," akasema Bwana Gadsby, akanipigapiga begani, akatoka. Tukasikia vifijo, na wanaume wakiguna chini ya uzito wake.

Kasisi alikuwa bado hajaandika. Nikasema, "Kasisi, naomba uandike: binti wa Najiban."

"Binti wa Ambrose Gadsby na Najiban?"

"Wa Najiban tu."

"Na pa baba?"

"Paache wazi."

Akaweka kalamu chini. "Mwanangu, mtoto asiye na baba kitabuni, sheria inanitaka niandike neno pembeni mwa jina lake. Unalijua neno hilo?"

"Nalijua."

"Halifutiki. Utakapotaka kuolewa litasomwa. Utakapokufa litasomwa."

"Najua, Kasisi."

Alimtazama Bi Ockley, nadhani akitumaini kwamba atanikataza. Uso wa Bi Ockley ulikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Umemuuliza maswali yote ya imani na amejibu kwa kinywa chake," akasema. "Mwandikie anachokuambia."

Basi akaniuliza jina linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja, polepole, naye akaziandika kwa mwandiko mzuri mrefu, na pembeni akaandika lile neno, dogo kuliko mengine. Bi Ockley akatia sahihi ya ushahidi. Kiti kilikuwa kimeshafika upande wa sokoni, vifijo vilisikika kwa mbali.

Kasisi alitaka kukifunga kitabu. Nikamwomba angoje. Kwa unyevu wa msimu huu wino unachelewa, na nilisimama palepale mpaka ukakauka.